Misumari Miwili

Katibu, sanduku lako hili hapa.
Umesema mnalitaka kwa kabati la vioo
pale mlangoni, chini ya picha za mabingwa,
wageni wasome historia ya Kombe la Gitathuru.
Sawa. Lakini hesabu nami kabla ya kutia sahihi.

Nambari za bati, mia moja na tisini.
Sufuri zimechakaa kuliko zote.
Hii saba ilifunika mtungi wa maji kwangu Kangemi
mwaka ule mashindano yalipoahirishwa,
na hii nne ilikaa mlangoni, tarishi akaizoea.
Nyekundu kwa aliye chini ya par, nyeusi kwa aliyezidi:
ilinichukua misimu miwili kuamini,
maana katika daftari la duka la Mama Khayanga
jina langu ndilo lililoandikwa kwa wino mwekundu.

Nilipanda ngazi ya ubao nikiwa na miaka kumi na sita.
Wachezaji walishuka ndegeni na soksi ndefu,
zawadi ilihesabiwa kwa pauni,
sisi tukila nyuma ya jiko, wima.
Herufi zilikuja kwa meli, zimepangwa kwa majina yao:
S tele, H tele, T za kumwaga,
W moja, iliyopotea mvua ya kwanza.

Niliwatundika wote.
Yule mrefu aliyelia kwenye shimo la kumi na saba.
Yule aliyeshinda mara tatu, na mara zote tatu akaniuliza naitwa nani.
Tumbili wa Karura aliiba mpira wa mtu anayeongoza;
waamuzi wakafungua kitabu cha sheria,
tumbili akasubiri nao.
Pauni ikawa shilingi, shilingi ikawa dola,
mdhamini akabadilika: sigara, bia, ndege, benki,
nami nikapaka rangi juu ya rangi
hadi ubao ukanenepa.

Kisha Jumamosi moja, alasiri, redio ya mkononi ikakoroma:
"Andika Wang'ang'a."
Nikauliza tena. Si kwamba sikusikia.
Tulimjua sote. Kedi wa Jumatatu,
siku pekee wabeba mikoba walipoachiwa uwanja;
alijifunza kwa tawi la mpera lililopinda vizuri.

Nilipekua sanduku jasho likinitoka.
M nikaipindua, ikawa W.
G ilikuwa moja; nikachukua C, nikaipa mkia kwa makaa.
A tatu, N mbili, zilikuwepo.
Ila ile alama ndogo inayokaa juu,
inayofanya ng' isiwe ng,
hawakuileta. Hawakuihitaji.
Bila hiyo angekuwa mtu mwingine,
baba yake angesimama pale chini akimtafuta mwanawe.
Nikang'oa misumari miwili kwenye ngazi niliyosimama,
nikaipigilia ubaoni, kila mmoja mahali pake.
Ngazi iliyumba hadi jioni.

Hakushinda. Usiandike kwamba alishinda.
Jumapili mpira ulizunguka mdomo wa shimo la mwisho,
ukachungulia,
ukatoka,
na kombe likapanda ndege kama kawaida.
Leo anauza miche kando ya barabara ya Limuru.
Ukipita nunua mkarakara, usimuulize kitu.

Sasa mna skrini inayojiandika yenyewe.
Nimeiona. Inawaka hata saa sita mchana,
inabadilisha majina kabla jicho halijatua.
Mwaka jana vijana wanne wa hapa nyumbani walivuka mchujo,
na mmoja wao, Ong'ondi,
aliitwa Ongondi siku nne nzima
na hakuna aliyepanda ngazi.

Basi tia sahihi.
Nambari mia moja na tisini,
herufi sabini na moja, pamoja na C yenye mkia.
Misumari haimo.
Haikuja na sanduku.
Iko mlangoni kwangu, pale ilipokuwa nne,
natundikia koti.